Mvumo ulio kati ya stesheni mbili

Tuliokua na redio ya masafa mafupi tunaujua mvumo ule. Unazungusha kitufe polepole ukitafuta idhaa, umeiacha moja, hujaifikia nyingine, na hapo katikati kuna shiiii ndefu isiyo na maneno. Mzee mwenye redio yake anakemea: "Acha kuchezea, umeshapoteza stesheni!" Tuliamini wote kwamba pale hakuna kitu.

Kuna kitu. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya mvumo ule ni ya redio yenyewe, ya radi za mbali, ya nyaya za umeme na ya chaja ya simu ya jirani. Lakini nenda mbali na mji, panda mpaka megahezi 20 au 30, funga waya mzuri nje ya nyumba. Ukishaondoa makelele yote ya dunia, unabaki mvumo unaotoka Njia Nyeupe, ule utepe wa nyota unaokatiza anga usiku usio na mwezi. Na hautoki kwenye nyota zake. Unatoka kwenye nafasi iliyo kati ya nyota, mahali ambapo jicho, hata likisaidiwa na darubini nzuri, huona giza.

Aliyeutambua kwanza alikuwa kijana wa kampuni ya simu. Karl Jansky aliajiriwa mwaka 1928 na maabara ya Bell, Marekani, akapewa kazi isiyo na sifa yoyote: kutafuta ni nini kinachokwaruza simu za redio zinazovuka bahari ya Atlantiki. Huko Holmdel, jimbo la New Jersey, alijenga antena ya mbao na mabomba yenye urefu wa mita 30 hivi, akaiweka juu ya magurudumu ya gari aina ya Ford Model T ili izunguke yenyewe mara moja kila dakika 20. Wenzake waliitania kuwa ni pembea ya watoto. Ilisikiliza megahezi 20.5.

Alipata vyanzo vitatu: radi za karibu, radi za mbali, na mvumo wa tatu, mtulivu, usiokatika. Mwishoni mwa 1931 mvumo huo ulipanda na kushuka pamoja na Jua, naye akadhani ni Jua. Miezi ikapita, kilele cha mvumo kikaanza kuachana na Jua: kila siku kinawahi dakika 4. Mwingine angesema saa yake mbovu. Jansky alielewa. Siku ya Jua ni saa 24, ila nyota hurudi palepale zilipokuwa baada ya saa 23 na dakika 56. Kinachowahi dakika 4 kila siku kinafuata nyota. Kilele chake kilielekea kundinyota la Mshale, ambalo wanafalaki wa pwani yetu hulijua kwa jina la Kausi, na upande huo ndiko kilipo kitovu cha galaksi yetu. Mei 1933 habari ikatoka ukurasa wa mbele wa gazeti la New York Times. Na Jua lenyewe? Antena ile haikulisikia hata kidogo.

Hebu tukae hapo kwanza. Kwa macho yetu Jua ni mfalme na Njia Nyeupe ni ukungu tu. Kwa redio ya mawimbi ya mita nyingi, ukungu unampita mfalme. Basi lazima mwanga huu wa redio unatengenezwa kwa namna nyingine kabisa, si kwa namna Jua linavyotengeneza mwanga wake.

Si joto

Mwanga tunaoufahamu zaidi ni wa joto. Mhunzi akitia chuma motoni kinaanza kuwa chekundu, kisha cha machungwa, kisha cheupe. Kadiri kinavyopata joto ndivyo kinavyotoa mwanga wa masafa ya juu zaidi, yaani wimbi linalotikisika mara nyingi zaidi kwa sekunde. Hata kitu kilichopoa hutoa mawimbi kidogo ya redio kwa sababu hiyo hiyo, na kanuni yake ni moja: ukipandisha masafa, mawimbi ya joto yanaongezeka nguvu.

Grote Reber aliijua kanuni hiyo. Alikuwa mhandisi wa redio, na mwaka 1937, kwa fedha zake mwenyewe, alijenga sahani ya chuma yenye kipenyo cha mita 9.5 katika uwanja wa nyumba ya mama yake, mji wa Wheaton, Illinois. Kwa miaka kadhaa alikuwa karibu peke yake duniani katika kazi hiyo. Akaanza na megahezi 3,300, kwa kuwa kama chanzo ni joto, huko juu mvumo ungekuwa mkali zaidi. Hakupata kitu. Akashuka hadi 900. Hakupata kitu. Akashuka hadi 160, na hapo Njia Nyeupe ikajitokeza. Alifanya kazi usiku kwa sababu mchana cheche za injini za magari ziliharibu vipimo. Kushindwa kwake mara mbili, kwa maoni yangu, kuna thamani kuliko ramani aliyoichora baadaye, maana kulionyesha kwamba mvumo huu unakwenda kinyume na joto: masafa yakipanda, wenyewe unashuka.

Unashuka kwa kasi. Wanaastronomia hupima ukali wa mvumo kwa kelvini, kipimo cha joto, yaani wanauliza: kitu cha joto gani kingetoa mawimbi makali kama haya? Karibu na masafa ya Jansky jibu ni makumi ya maelfu ya kelvini. Katika megahezi 150 ni mamia kadhaa tu. Kila ukizidisha masafa kwa 10, kipimo kinashuka mara mia kadhaa. Na hilo la makumi ya maelfu ni ushahidi wa pili. Gesi iliyopashwa na nyota angani ina kelvini 10,000 hivi. Mvuke wa chungu hauwezi kuwa wa moto kuliko moto uliouchemsha. Gesi ya kelvini 10,000 haiwezi kutoa mvumo wa kelvini 50,000, hata iwe nyingi kiasi gani.

Jibu lilitokea mahali pasipohusika na nyota. Aprili 1947, huko Schenectady, New York, mafundi wa kampuni ya General Electric walikuwa wanajaribu mashine inayozungusha elektroni, zile chembe ndogo mno za umeme, ndani ya sumaku kwa kasi iliyokaribia ya mwanga. Mashine hizo huitwa sinkrotroni. Bomba la mashine yao lilikuwa la kioo, na kupitia kioo wakaona doa la mwanga mkali. Elektroni zilikuwa zinawaka kwa sababu tu zilikuwa zinakata kona.

Ndivyo ilivyo. Chembe yenye chaji ya umeme ikienda moja kwa moja bila kubadili mwendo haitoi mwanga. Ikipindishwa, inatoa. Abiria aliyesimama kwenye daladala anajua kwamba kona si jambo la bure, kuna kitu lazima kikutikise. Kwa elektroni, kinachotikisika ni uga wake wa umeme, na mtikisiko huo ukisafiri nje ndio wimbi la redio, au la mwanga, kutegemea kasi. Mwaka 1950 Hannes Alfvén na Nicolai Herlofson wa Sweden, na Karl-Otto Kiepenheuer wa Ujerumani, waliandika kwamba elektroni za kasi zinazopindwa na sumaku ya angani zingeweza kutoa mawimbi yanayosikika. Vitaly Ginzburg na wenzake katika Urusi ya Kisovieti wakaichukua hoja hiyo na kuifanyia hesabu kamili.

Kilihitajika vitu viwili tu. Cha kwanza, elektroni za kasi kubwa. Cha pili, sumaku.

Chembe zilizopoteza anwani

Elektroni za kasi ni sehemu ya kile kinachoitwa mionzi ya kosmiki. Jina linapotosha: si mionzi, ni vipande vya atomu. Agosti 1912 Victor Hess wa Austria alipanda kwa puto hadi mita 5,300 hivi akiwa na vyombo vya kupima, akakuta kwamba kadiri anavyopaa ndivyo vipimo vinavyozidi. Kitu kilikuwa kinatoka juu. Leo tunajua kwamba kwa sehemu kubwa ni protoni, pamoja na viini vya atomu nzito zaidi. Elektroni ni kama 1 kwa kila 100 hivi, na zilinaswa kwa vyombo mwaka 1961 tu, miaka zaidi ya 10 baada ya watu kuzihitaji katika hesabu za redio.

Chembe nyingi kati ya hizi hupewa kasi na mabaki ya supanova, yaani nyota kubwa zilizolipuka. Wimbi la mlipuko linaposukuma gesi, chembe hurukaruka mbele na nyuma ya wimbi hilo, na kila mruko unaiongezea nguvu kidogo. Kisha inaachiwa. Kuanzia hapo haiendi moja kwa moja tena. Sumaku ya galaksi inaipinda, inaizungusha, inaitupa huku na huku, mpaka baada ya mamilioni ya miaka inatoka nje kabisa au inatufikia sisi. Ikifika, inatoka upande wowote. Ni barua isiyo na anwani ya mtumaji.

Mawimbi ya redio hayapindwi. Kila elektroni inapokata kona huko ilipo, inatuma wimbi linalokwenda mstari ulionyooka mpaka kwetu. Ndiyo maana redio ina thamani: inatuonyesha chembe zilipo wakati zenyewe haziwezi kutuambia zilikotoka.

Na sumaku ya galaksi ni dhaifu kiasi cha kuchekesha. Ile ya Dunia, inayoelekeza dira ya nahodha, ni kama nusu gausi, gausi ikiwa kipimo cha nguvu ya sumaku. Ile ya angani kati ya nyota, katika ujirani wetu, ni milioni 5 au 6 za gausi, nikimaanisha gausi moja iliyogawanywa sehemu milioni kisha ukachukua 5 au 6. Karibu mara 100,000 chini ya ile ya Dunia. Dira isingeihisi. Elektroni inaihisi, kwa sababu ina nafasi kubwa mno ya kuihisi.

Chukua elektroni moja yenye nishati ya elektroni-volti bilioni 1 (elektroni-volti ni kipimo cha nishati ya chembe). Ndani ya sumaku hiyo dhaifu inazunguka duara lenye nusu kipenyo cha kilomita milioni 6.7, karibu mara 17 ya umbali wa Dunia hadi Mwezi. Mzunguko mmoja unachukua dakika 2 na sekunde 20.

Msomaji makini ameshashtuka. Kitu kinachozunguka mara moja kila dakika 2 na kidogo kinawezaje kutoa wimbi linalotikisika mara milioni 20 kwa sekunde? Kwa kawaida antena hutoa masafa yaleyale inayotikiswa nayo. Hapa kuna pengo la mara mabilioni, na bila kuliziba hadithi yote inaanguka.

Linazibwa na mambo mawili, na yote yanatokana na kasi. La kwanza: chembe iliyokaribia kasi ya mwanga haitoi mwanga pande zote. Inautupa wote mbele, katika mwali mwembamba kama wa tochi, upana wake nyuzi 0.03 hivi kwa elektroni yetu. Mwali huo unazunguka pamoja nayo kama taa ya mnara wa bandarini. Sisi tunauona kwa muda ule tu unapotupitia usoni, na hesabu inatoa kama sehemu moja ya mia ya sekunde. Tayari si dakika 2 tena, ila bado tuko mbali na megahezi.

La pili ndilo tamu. Wakati mwali unatupitia, elektroni inakuja upande wetu, na inaufukuza mwanga wake mwenyewe. Mwanga unaishinda kwa mita 39 tu kila sekunde, mwendo wa gari la haraka kwenye barabara kuu. Sasa fikiria: mwanzo wa mwali umetoka, elektroni imeendelea kwa sehemu moja ya mia ya sekunde, imekata kilomita zaidi ya 3,000, ndipo inatoa mwisho wa mwali. Ule mwanzo umeitangulia kwa umbali gani? Hata mita haifiki. Kwa hiyo mwali uliotolewa katika safari ya kilomita 3,000 unatufikia ukiwa umefinywa hadi unene usiofika mita moja, na unatupita kwa nanosekunde chache, yaani sehemu chache za bilioni za sekunde. Mpigo mfupi hivyo umejaa masafa ya megahezi makumi. Kilele chake, kwa elektroni hii na sumaku hii, kiko karibu na megahezi 23. Jansky alikuwa anasikiliza 20.5.

Mpigo mmoja mmoja hausikiki, bila shaka. Elektroni ni nyingi mno, kila moja na wakati wake, na mipigo yao ikichanganyika inakuwa shiiii isiyokatika, kama mvua ya masika juu ya bati ambapo huwezi kuhesabu matone. Zenye nishati kubwa zaidi zinatoa masafa ya juu zaidi: nishati ikiongezeka mara 2, masafa yanapanda mara 4. Lakini elektroni za nishati kubwa ni chache, na kadiri nishati inavyopanda ndivyo zinavyozidi kuadimika. Ndiyo sababu mvumo unashuka masafa yakipanda, na ndiyo sababu Reber hakupata kitu katika 3,300.

Swali la haraka kabla hatujaendelea: mbona protoni, zilizo nyingi mara 100, hazivumi? Kwa sababu ni nzito mara 1,836. Kwa nishati ileile, mwanga wa kukata kona hupungua kwa uzito uliozidishwa mara nne wenyewe kwa wenyewe, na 1,836 ukiizidisha hivyo unapata zaidi ya trilioni 10. Protoni zimebeba karibu nishati yote ya mionzi ya kosmiki, na katika redio ni bubu.

Michango ya harusi

Sasa tunafika kwenye fundo lenyewe. Mvumo tunaoupima unategemea vitu viwili vilivyozidishwa pamoja: elektroni ni ngapi, na sumaku ina nguvu gani. Sumaku ndiyo yenye sauti zaidi: ikiongezeka mara 2, mvumo unaongezeka karibu mara 4. Antena inatupa zao tu.

Ni kama mtu akuambie kamati ya harusi ilikusanya shilingi milioni 6, halafu akuulize watu walitoa kiasi gani. Huenda walikuwa 60, kila mmoja laki moja. Huenda walikuwa 300, kila mmoja elfu 20. Jumla ni ileile. Mpaka upate daftari la mweka hazina, huwezi kusema ni harusi ya matajiri wachache au ya ukoo mkubwa.

Geoffrey Burbidge alipendekeza njia ya mkato katika miaka ya 1950: dhani kwamba nishati iliyo kwenye chembe na nishati iliyo kwenye sumaku zinakaribia kulingana, kisha tafuta mgawanyo unaoleta zao ulilopima. Kuna mantiki. Chembe zikiwa nyingi kupita kiasi zinaipasua sumaku na kutoroka. Zikiwa chache, supanova zinaendelea kujaza. Na katika ujirani wetu inaonekana mambo yako hivyo kweli: kila sentimita ya ujazo ina kama elektroni-volti 1 ya mionzi ya kosmiki na kama elektroni-volti 1 ya sumaku. Ila hii ni dhana, na mtu akinipa hesabu ya sumaku ya galaksi ya mbali iliyojengwa juu ya dhana hii pekee, mimi huisoma kwa jicho moja.

Njia bora ni kutafuta daftari. Lipo, lakini kurasa zake zimetawanyika.

Ukurasa mmoja ni kuhesabu elektroni moja kwa moja. Tatizo ni kwamba Jua linapuliza upepo wake wa chembe na sumaku, na upepo huo unazizuia elektroni dhaifu zisitufikie. Chombo cha AMS-02, kilichofungwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga mwaka 2011, kinahesabu vizuri zile zenye nishati kubwa, ambazo upepo hauziwezi. Kwa zile ndogo ilibidi tusubiri Voyager 1, iliyorushwa mwaka 1977. Agosti 2012 ikavuka mpaka ambapo upepo wa Jua unakoma, ikawa chombo cha kwanza cha binadamu kilichotumbukia ndani ya mionzi ya kosmiki isiyochujwa. Ikapima pia sumaku ya huko: sehemu 4 au 5 za milioni za gausi. Chombo chenye teknolojia ya miaka ya 1970 kikaleta jibu ambalo halikupishana sana na lile la antena.

Ukurasa wa pili unatumia ulalo wa mawimbi. Shika kamba iliyofungwa kwenye mti, uitikise juu-chini: mawimbi yamelala wima. Itikise kushoto-kulia: yamelala kando. Mwanga wa joto una mchanganyiko wa kila ulalo. Mwanga wa elektroni zinazokata kona una ulalo mmoja unaotawala, uliokata msalaba na mwelekeo wa sumaku, na katika hali safi kabisa zaidi ya asilimia 70 ya mwanga wote ungekuwa hivyo. Mwaka 1962 ulalo huo ulipatikana katika mvumo wa Njia Nyeupe, na mabishano yaliyobaki kuhusu chanzo chake yakaisha.

Kilichopatikana hakikufika asilimia 70 hata kidogo. Sumaku ya galaksi ni mbili ndani ya moja: sehemu iliyonyooka vizuri, inayofuata mikono ya galaksi kama nyuzi zinavyofuata ukindu uliosukwa, na sehemu iliyovurugwa na milipuko ya nyota. Zikichanganyika, lalo hufutana. Isitoshe, wimbi likipita kwenye gesi yenye elektroni huru na sumaku, ulalo wake unageuka kidogo kidogo njiani, na unageuka zaidi kwa mawimbi marefu. Michael Faraday aliligundua jambo hili kwenye kioo mwaka 1845. Kwa ramani za masafa ya chini ni maafa. Kwa mwenye kutafuta sumaku ni zawadi, maana kiasi cha kugeuka hutegemea sumaku na elektroni za polepole, si zile za kasi, na mwelekeo wa kugeuka unasema kama sumaku inatujia au inatukimbia. Pulsa, zile nyota ndogo zinazopiga mipigo ya redio kwa mpangilio, zinatusaidia kupima kiasi cha gesi njiani, kwa hiyo tunabaki na sumaku peke yake. Ndivyo ilivyojulikana kwamba katika mkono wa galaksi ulio upande wa ndani kutoka kwetu sumaku imegeuka na kuelekea kinyume na yetu. Kwa nini imegeuka, wataalamu bado wanabishana.

Ukurasa wa tatu una historia ya hapa kwetu. Mkabala na Malindi, kwenye maji ya pwani ya Kenya, Waitalia walijenga jukwaa la San Marco, na kutoka hapo tarehe 15 Novemba 1972 kilirushwa chombo cha Marekani kiitwacho SAS-2 kupima miale ya gama, ambayo ni mwanga wa nishati kubwa mno usioonekana kwa jicho. Kilifanya kazi miezi michache tu, mpaka Juni 1973 umeme wake ulipoharibika, lakini kilionyesha wazi kwamba Njia Nyeupe inang'aa kwa gama pia. Sehemu kubwa ya gama hizo zinatoka pale protoni za kosmiki zinapogonga gesi. Zile protoni bubu katika redio zinapiga kelele huku. Gama hazijali sumaku. Zinategemea chembe na gesi. Ukiwa na redio inayosema "chembe mara sumaku" na gama inayosema "chembe mara gesi", na gesi unaijua kwa njia nyingine, fundo linaanza kulegea. Darubini ya Fermi, iliyorushwa 2008, imelifanya hilo kwa undani ambao SAS-2 isingeota.

Kelele ya mmoja, kazi ya mwingine

Ramani inayotumiwa mno kuliko zote ni ya mwaka 1982, ya Glyn Haslam na wenzake, katika megahezi 408. Iliunganisha darubini za Jodrell Bank Uingereza, Effelsberg Ujerumani na Parkes Australia ili kufunika anga lote. Inaonyesha utepe wa Njia Nyeupe uliowaka, na juu yake upinde mkubwa unaopanda mbali na utepe, ambao wengi huuona kuwa ganda la milipuko ya zamani iliyo karibu nasi. Zaidi ya miaka 40 sasa, na bado watu wanaanzia pale.

Wengi wao wanaitumia ili waiondoe. Mwaka 1964, palepale Holmdel, Arno Penzias na Robert Wilson walipima anga kwa mawimbi ya sentimita 7, mahali ambapo mvumo wa galaksi ulipaswa kuwa umekwisha. Walipokuta kelvini 3 na kitu zimebaki, hawakuweza kuisingizia galaksi. Yale yalikuwa mabaki ya joto la ulimwengu ulipokuwa mchanga. Leo watu wa HERA, mkusanyiko wa antena katika jangwa la Karoo, Afrika Kusini, wanatafuta mawimbi ya hidrojeni ya wakati nyota za kwanza zinawaka. Wanachokitafuta ni sehemu ndogo ya kelvini moja. Njia Nyeupe inavuma mbele yake kwa mamia ya kelvini. Mwenye kutafuta mnong'ono ule inabidi aujue mvumo huu kuliko sisi tunaoupenda.

Karoo pia ndiko iliko MeerKAT, sahani 64, na picha yake ya kitovu cha galaksi iliyotolewa mwaka 2022 ndiyo ningemwonyesha mtu asiyeamini kwamba sumaku ya angani ni kitu halisi. Kuna nyuzi ndefu, nyembamba, zilizosimama karibu wima kukata utepe, baadhi zikiwa zimepangwa kama nyuzi za zeze. Zile za kwanza ziligunduliwa mwaka 1984. Sasa zinahesabika kwa mamia. Ni elektroni zinazofuata sumaku na kuifanya ionekane. Aliyezijaza elektroni hizo hajajulikana kwa uhakika.

Kwa sisi wa karibu na ikweta, kitovu hicho kinapita juu sana, siyo pembeni kwenye upeo kama kinavyowapitia Ulaya. Katikati ya Juni kinafika juu karibu na saa 6 usiku. Ukiwa na redio ya masafa mafupi inayofika megahezi 20 na kitu, waya wa mita 7 uliotandazwa kati ya miti miwili mbali na taa za umeme, na kipimo chochote kinachoonyesha ukali wa sauti, andika namba kila robo saa. Rudia baada ya mwezi. Kilele kitakuwa kimewahi kwa muda wa saa 2.